Siku moja tena: juu ya michezo ya vita vya kuwazia katika ordinateri

Mseminari mmoja alituuliza siku hizi: «Padri, kucheza vita katika ordinateri ni zambi ao si zambi?» Tulimjibu kwa swali lingine: «Mchezo gani, na mpaka saa ngapi?» Akacheka, lakini hakujibu. Kwa kucheka kwake tulifahamu kwamba yeye vilevile amekwisha kusikia jogoo akiwika mbele ya kile kioo cha mwanga. Sisi pia tumemsikia. Basi hatuandiki kama hakimu anayekaa juu. Tunaandika kama mtu aliyecheza, akafurahi, na kisha akajiuliza sababu ya furaha yake.

Ordinateri, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita kompyuta, ina michezo ya namna nyingi. Mingine inataka vidole vyepesi: unapiga, unakimbia, unaruka, na ukichelewa kidogo umekufa. Siyo hiyo tunayoisema leo. Tunasema juu ya ile ya zamu kwa zamu: mimi ninasogeza askari wangu, ninamaliza, kisha adui anasogeza wake. Na vita vyenyewe si vya inchi hizi, ni vita vya wafalme wasiokuwako, vya majoka, majitu na wachawi.

Tumechagua miwili tunayoijua vema. Wa kwanza ni Heroes of Might and Magic III, uliotengenezwa Marekani na kampuni New World Computing, ukatoka mwaka wa 1999. Wa pili ni The Battle for Wesnoth, ulioanzishwa na David White mwaka wa 2003. Huo hauuzwi, ni wa bure kwa kila mtu, na watu wa inchi nyingi wameutengeneza kwa kujitolea. Mtu akicheza peke yake, haidai intaneti. Ndiyo sababu inafika hata pahali ambapo umeme ni wa kubahatisha.

1. Ukoo wake

Mchezo wa zamu si kitu kigeni kwetu. Baluba wanacheza kisolo, Wanyarwanda igisoro, watu wa pwani bao: mbegu ndani ya vishimo, kila mtu na zamu yake, na watazamaji wanaosema kuwapita wachezaji. Sataranji nayo ilitoka Hindi, ikapita Uajemi mpaka Ulaya. Huko Prussia, mwaka wa 1824, afisa mmjoa jina lake Reisswitz alitoa mchezo wa vita juu ya ramani, wenye dado na mwamuzi, na jeshi likautumia kwa kufundisha maofisa. Mwaka wa 1974, katika Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons: hapo mtu haongozi tena jeshi zima, anashika shujaa mmoja anayeongezeka nguvu kadiri anavyoshinda. Changanya hayo yote ndani ya chungu kimoja, weka ordinateri iwe mwamuzi asiyechoka kuhesabu, nawe unayo michezo hii.

Watu wake, yaani maelfi wa msituni, vibete wa milimani na maorko wa gizani, wametoka sana sana katika vitabu vya J. R. R. Tolkien. Mwingereza huyu alizaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka wa 1892. Alikuwa mkatoliki, na baada ya kifo cha mama yake alilelewa chini ya ulinzi wa padri mmoja wa Birmingham. Kitabu chake kikubwa, The Lord of the Rings, kilitoka mwaka wa 1954 na 1955. Tutarudi kwake.

2. Utamu wake uko wapi?

Kwa nini mtu mwenye akili anakaa saa tano mbele ya vita visivyokuwako? Tunaona sababu nne.

Sababu ya kwanza: hakuna anayekusukuma. Kila siku mambo hayatungoji. Kengele inalia, simu inalia, mkubwa anaita, na mara nyingi tunakata shauri mbele ya kufikiri. Hapa adui anangoja. Unaweza kusimama, kunywa chai, kurudi, na joka lingali limekaa pahali pake kwa adabu kabisa. Mchezo unampa mtu kitu ambacho siku zetu zinamnyima: nafasi ya kufuata wazo lake mpaka mwisho.

Sababu ya pili: sheria ni wazi, tena ni moja kwa wote. Tazama Wesnoth. Inchi imegawanyika katika vipande vya pembe sita. Askari wa mwanga wanapiga kwa nguvu 25 kwa mia zaidi wakati wa mchana, na usiku wanapunguziwa kadiri ileile. Maorko na wafu wanaotembea, kinyume chake. Maelfi wakiwa ndani ya msitu ni shida kuwapata: pigo la kawaida linawafikia mara 3 ao 4 tu katika 10. Lakini moto wa mchawi unafika mara 7 katika 10, hata adui ajifiche wapi. Mwenye jeraha akilala kijijini anarudishiwa alama 8 za uzima kila zamu. Hivi mchezaji anajifunza neno ambalo kila mwindaji analijua: nguvu peke yake haitoshi, sharti ujue saa na pahali. Kupeleka wapanda farasi mchana katika uwanda ni akili. Kuwapeleka usiku msituni ni kuwaua. Bahati ipo, kwa maana kila pigo lina dado yake ya siri, na tumeona askari wetu akikosa mara nne mfululizo na kuharibu kazi ya saa nzima. Lakini hata bahati hiyo hesabu yake imetangazwa mbele. Ukishindwa, unaweza kulitafuta kosa lako na kulipata.

Sababu ya tatu: vitu vinakua mikononi mwako. Katika Heroes III mji unaanza na nyumba chache, na kila siku unajenga jengo moja tu. Baraza la kwanza linaleta zahabu 500 kwa siku, la pili 1000, la tatu 2000, na lile kubwa la mwisho 4000. Katika Wesnoth, askari aliyepona vita vingi anapanda cheo, akifa, amekwenda. Siku moja tulirudisha nyuma jeshi zima ili kumwokoa mpiga upinde mmoja aliyekuwa pamoja nasi tangu sura ya kwanza. Hesabu ya vita haikutaka hivyo. Tulikuwa tumekwisha kumpenda.

Sababu ya nne: kesho. Katika Heroes III siku saba zinafanya juma, na siku ya kwanza ya kila juma makao ya askari yanajaa tena. Basi siku ya 5 unasema: nimalize juma. Siku ya 7 unasema: kesho askari wapya wanatoka, nikiacha sasa, ni sawasawa na mkulima anayeondoka shambani usiku wa kuamkia mavuno. Siku ya 1 askari wako tayari. Nani atawaacha pasipo kuwapeleka vitani? Hivyo hakuna siku inayofaa kuacha. Kila zamu inafunga jambo moja na kufungua mawili. Hapo ndipo ufundi wa watengenezaji unapoonekana, na hapo ndipo mtego wao ulipo.

3. Kasoro zake

Tumesifu, sasa tuseme yasiyotupendeza.

Kasoro ya kwanza ni kurudi nyuma. Michezo hii inamruhusu mtu atunze hali ya vita katika mashine, na akishindwa aanze tena toka pale, mara kumi, mara mia, mpaka dado imkubalie. Mwambie mzee wa kisolo: «Nirudishie mbegu zangu, nilikosea.» Utaona atakavyokutazama! Wengine watasema ni neno dogo. Sisi tunaona linakula utamu wa kwanza tuliousifu. Tulisema mchezo unatupa nafasi ya kufikiri. Lakini mtu anayejua kwamba kila kosa litafutwa hana tena sababu ya kufikiri. Anajaribu tu, kama mwizi anayejaribu funguo mlangoni.

Kasoro ya pili ni bei ya kila kitu. Katika Heroes III askari wa namna moja wanasimama kama picha moja, na chini yake hesabu: 14, 40, 200. Kati ya askari wa mji wa wakristo, ikiwa tunaweza kuuita hivyo, kuna wamonaki wanaorusha mwanga kutoka mbali. Mapadri wenzetu walipoona wakacheka sana. Juu yao kuna malaika, na malaika mmoja anapatikana kwa zahabu 3000 na jiwe moja la bei. Hatupigi kelele juu ya uzushi: hii ni hadisi, na mtoto wa katekisimu anajua kupambanua. Tunachouliza ni hiki: hadisi na mchezo vinapatana? Hadisi ya Heroes III inasimulia mfalme wa Erathia aliyeuawa kwa sumu, kisha wachawi wa wafu wakamwamsha awatumikie, na binti yake Catherine akarudi kuiokoa inchi ya baba yake. Ni hadisi ya uchungu. Inatuambia kwamba kumnyang'anya maiti pumziko lake ni uovu mkubwa. Lakini fungua ramani nyingine, chagua mji wa wachawi haohao, na mchezo utakufundisha kuamsha mifupa kila baada ya vita, tena utakusifu, kwa maana ni njia ya kupata jeshi pasipo kulipa. Kinywa kinalia, mkono unakusanya. Hilo ni kosa la kazi yenyewe, mbele ya kuwa neno la zamiri. Wesnoth unapita mwenzake hapa, kwa sababu askari wake wana majina, na kifo chao kinasikika.

Kasoro ya tatu inaturudisha kwa Tolkien. Kitabu chake chote kinasimama juu ya pete yenye nguvu kupita silaha zote, na ushindi ni kuikataa na kuiharibu. Wakubwa wenye hekima wanaogopa hata kuishika. Wanaoibeba mpaka mwisho ni watu wadogo wasio na jeshi. Watengenezaji wa michezo walichukua maelfi yake, vibete vyake na maorko yake, lakini moyo wa kitabu wakauacha njiani. Katika michezo hii pete yo yote utakayoiokota unaivaa, na njia ya kushinda ni moja: kuongeza. Migodi zaidi, miji zaidi, uchawi zaidi. Hatujaona bado mchezo wa namna hii ambamo mchezaji anashinda kwa kuacha nguvu aliyo nayo. Pengine ni vigumu kuutengeneza. Lakini yule atakayeweza, atakuwa amemsoma Tolkien kweli.

4. Neno lililotupata

Sharti tuseme na letu. Usiku mmoja, baada ya sala ya mwisho, tulifungua ordinateri kwa nusu saa. Tulizima umeme wa mji ulipokatika na betri ikaisha, karibu na mapambazuko. Asubuhi katekista mmoja alibisha mlangoni. Alitembea toka kijiji cha mbali kuleta habari ya mama mgonjwa aliyetaka Sakramenti. Tulimkaribisha, tukampa kiti, tukaitika «ndiyo, ndiyo», na kichwani tulikuwa tukihesabu salfa iliyopungua kwa kujenga mnara. Alipomaliza tukamwuliza: «Ulisema mama nani?» Akataja jina tena, polepole, na kututazama. Hakusema lingine. Tulikwenda, na yule mama tulimkuta mzima. Lakini tangu siku ile tunajua kwamba bei ya siku moja tena haihesabiwi kwa saa za kulala tu. Mchezo uliotusifu kwa kufikiri ulitunyang'anya akili pale mtu wa kweli alipokuja na neno lisiloweza kurudiwa.

5. Basi, tufanye nini?

Hatusemi kutupa yote. Mtakatifu Toma wa Akwino anafundisha katika Summa kwamba roho inachoka kama vile mwili, na kwamba mchezo ni pumziko lake. Anayecheza kupita kipimo anakosa, na asiyetaka kucheza wala kucheka hata kidogo anakosa vilevile. Kazi yetu ni kutafuta kipimo. Kwa michezo hii tunaona vipimo vitatu.

Kwanza, kata mwisho mbele ya kuanza, wala usiukate kwa juma la mchezo, kwa sababu lile halina Jumapili. Kata kwa saa ya ukutani, na mwenzako aijue.

Pili, usirudi nyuma. Ukikosea, beba kosa lako mpaka mwisho wa vita. Utashindwa mara nyingi, lakini ushindi mmoja utakaoupata utakuwa wako.

Tatu, usicheze peke yako. Michezo yote miwili inakubali watu wawili ao zaidi mbele ya mashine moja, wakipokezana kiti. Hapo mchezo unarudi nyumbani, kwenye kisolo: unamwona adui yako akikunja uso, mnacheka, mnabishana, na akichoka anasema «tulale». Mashine haitakuambia hivyo hata siku moja.

Kwa anayetaka kuanza, tunashauri Wesnoth: ni wa bure na ni wa haki, na kifo kina uzito ndani yake. Heroes III una uzuri kupita, rangi zake na nyimbo zake hatuzisahau; lakini unajua kumshika mtu zaidi.

Tulimwambia yule mseminari maneno haya yote. Alisikiliza vema, kisha akatuuliza ikiwa tuna nafasi siku ya posho, baada ya chakula cha mangaribi, kwa saa moja tu. Tulimkubali, na saa tuliiweka mezani. Wasomaji wenye mawazo mengine juu ya neno hili, watuandikie.