Utomvu, Jeli na Subira

Mama anayeuza matoke sokoni Kalerwe, Kampala, haulizwi mara mbili. Anatupa jicho kwenye mikungu, anakwambia huu nakitembe, ule mpologoma, wa chini pale kibuzi. Mwaka 1998 Deborah Karamura alikamilisha tasnifu ya uzamivu iliyolipa jicho hilo vipimo na hesabu: aliigawa migomba ya matoke ya Uganda katika makundi matano, Musakala, Nakabululu, Nakitembe, Nfuuka na Mbidde, kwa kuangalia umbo la mmea na mkungu wake.

Ila umbo hubadilika na udongo na mvua. Ndiyo maana naipenda kazi nyingine, ya kuzisoma protini za jani.

Aliyewahi kumenya matoke anaujua utomvu wake: unanata vidoleni, unageuka kahawia, na ukiishika nguo hautoki. Maabarani utomvu huohuo huzidaka protini na kuziharibu. Kwa hiyo fundi wa maabara huchuma jani changa ambalo bado limejiviringa, hulilaza kwenye barafu, hulisaga kwenye kinu cha baridi pamoja na unga wa kunyonya tanini, na husaga upesi. Maji yakiwa na rangi ya chai, humwaga bila neno akaanza upya.

Kisha huzichemsha protini kwa sabuni kali inayozikunjua na kuzitia chaji. Hapo ndipo mkono hupimwa. Kiganja hutulia juu ya meza, pipeti hushuka kwenye kitundu chembamba cha jeli, na tone huzama taratibu mpaka chini. Likifurika, aina mbili za mgomba zimechanganyika na kazi imeharibika. Umeme ukipita, protini ndogo hukimbia mbali na kubwa hubaki juu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, mistari hutawanyika, na siku nzima imepotea.

Rangi inayoidhihirisha mistari hiyo inaitwa Coomassie, jina la Kumasi ya Ghana, mji uliotwaliwa na Waingereza mwaka 1896. Awali ilikuwa rangi ya sufu. Jeli huoshwa polepole hadi ing'ae na mistari ya buluu ibaki peke yake. Ukiharakisha, ile hafifu hupotea.

Na kwa matoke, mistari hiyo hufanana mno. Migomba hii imeenezwa kwa machipukizi kizazi baada ya kizazi, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba huenda yote imetokana na mmea mmoja. Mbidde chungu wa pombe na matoke ya chakula ni ndugu wa karibu sana. Hapa ndipo namvulia kofia fundi. Asiye na subira ataona tofauti mahali isipokuwepo. Yeye huchuma majani ya umri mmoja, siku moja, hubadilisha mpangilio wa sampuli, huendesha jeli ya pili na ya tatu, ndipo anaposema: yanafanana.

Jibu hilo ni zito, maana ugonjwa unaouweza mgomba mmoja huenda ukaiweza yote. Vitofauti vidogo ambavyo jeli haivioni bado vimo shambani na katika jicho la mama wa Kalerwe. Kama kwenu Masaka au Bushenyi kuna mgomba wa zamani ambao majirani wameuacha, usiung'oe kabla hujawapelekea watafiti wa kituo cha kilimo cha Kawanda chipukizi lake, pamoja na jina ambalo bibi yako huuita.