Sahani ya Kila Siku: Bugali Yetu na Wali wa Wajapani

Kila mara mila zetu zinapoonyeshwa mbele ya wageni hapa Goma, meza inajaa nyama ya mbuzi, kuku na samaki wakubwa. Tunapiga makofi. Lakini tukirudi Katoyi jioni, kwenye mbabula kuko kitu kingine: bugali, sombe, maharagi, na siku nzuri sambaza. Hiyo njo chakula chetu, na hiyo njo hatukuweka mezani. Hapo tunakosa.

Kosa hilo si letu peke yetu. Mwaka 2013 UNESCO iliandika washoku, yaani desturi za chakula za Wajapani, kati ya urithi wa binadamu, na katika jina lenyewe ikataja hasa sherehe za Mwaka Mpya. Ila hakuna Mjapani mwenye kusherehekea Mwaka Mpya kila siku. Nyumbani wanakula wali, supu, samaki kidogo, mboga na achari. Mpango huo wanauita ichiju sansai: supu moja, mboga tatu. Kinachotupendeza kwao ni mpango, si utajiri.

Na sisi tuko na mpango. Wenye kusema "bugali na sombe ni ya maskini" hawajui wanachokula. Muhogo uko na sumu. Mama anatwanga majani, anayachemsha muda mrefu. Mihogo michungu inalowekwa siku kadhaa, kisha inaanikwa. Kule Kwango, ugonjwa wa konzo wenye kupooza miguu, ulioelezwa na daktari Trolli mwaka 1938, unapata watu wanaokula mihogo isiyolowekwa vizuri, bila maharagi wala samaki wa kutosha. Basi sambaza kando ya bugali si pambo. Ni kinga.

Wengine watasema: hiyo si ya asili. Ni kweli, muhogo ulitoka Amerika, na sambaza waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959. Lakini hata tempura, Wajapani waliipata kwa Wareno katika karne ya 16, na leo nani atawaambia si yao? Desturi haiko katika mbegu. Iko katika mkono unaojua kupika.

Mkono huo njo uko hatarini. Sombe na maharagi vinataka moto wa saa nyingi, na makala ni bei. Mama akihesabu makala, anapunguza muda wa moto. Binti anayemtazama anajifunza ule muda mfupi. Japani ilitunga sheria mwaka 2005 ili watoto wafundishwe mambo ya chakula. Sisi, tuliosoma, tunafanya nini? Mgeni akipiga hodi tunaficha sufuria ya sombe, tunatuma mtoto mbio akanunue mkate na soda. Mtoto yule anaelewa vizuri sana: chakula cha mama yake ni haya.

Tunaomba mambo mawili tu. Sikukuu ijayo, bugali na sombe viwe katikati ya meza. Na kila mmoja wetu, katika parsela yake, amuulize mama mzee: "Mama, sombe unaichemshaka muda gani?" Aandike jibu, kabla halijaenda naye.