Chuma Kinachomeremeta Si Ushahidi: Kuisoma Kar98k

Wengi wanaponunua bunduki ya kale ya jeshi hutazama kwanza kama chuma kinameremeta, na hapo ndipo wanapopotea. Cha kuuliza ni kama weusi wa chuma hicho unalingana na mwaka uliogongwa juu yake.

Chukua bunduki ya Kar98k, iliyopitishwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1935. Za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zilisuguliwa kwa uangalifu, ndipo zikatiwa weusi wa kemikali. Kufikia mwisho wa 1944 viwanda vilikuwa mbioni: alama za mashine ziliachwa wazi, na baadhi ya vipande vikatiwa fosfeti ya kijivu. Ndiyo maana bunduki ya 1945 iliyo laini kama kioo inatia shaka kuliko yenye michirizi ya kiwandani.

Anza na kingo. Mulika tochi kutoka ubavuni, utazame mihuri ya tai kwa lenzi. Mhuri ambao haujaguswa una kingo kali. Msasa ukipita, kingo hulainika, herufi hupungua kina, na midomo ya matundu ya skrubu hubonyea. Chungulia pia vishimo vya kutu. Ukikuta weusi mpaka ndani ya kishimo, basi kutu ilitangulia na weusi ukafuata.

Kisha chomoa bolti. Kwa kawaida mwili wake uliachwa chuma cheupe. Ukiwa mweusi, huenda kuna mkono mwingine uliopita. Mara nyingi ni mkono wa Wasovieti. Waliteka bunduki hizi kwa wingi, na baada ya vita wakazikarabati: walichanganya vipande, wakaandika namba upya kwa kalamu ya umeme, wakapaka mbao sheleki. Mafuta ya Wajerumani yalizama ndani ya mbao. Sheleki hukaa juu, nyekundu na yenye kung'aa, hata ikajaza mihuri ya kwenye kitako.

Bunduki ya namna hiyo si bandia, maana ukarabati ule nao ni historia yake. Udanganyifu huanza pale mtu anapobandua sheleki, akagonga namba zifanane, kisha akaiuza kama haijawahi kuguswa. Kwa hiyo usiisafishe kabla ya kuikagua, na ukishaijua iandike ilivyo: imekarabatiwa. Iliyochakaa kihalali ina thamani kuliko iliyopambwa, kwa kuwa uchakavu wake bado unaweza kuhakikiwa.