Mgeni wa Mji Mdogo: Ng'ambo ya Yasmin na Ng'ambo ya Saleh Omar

Neno mgeni katika Kiswahili hubeba watu wawili. Kuna yule aliyepiga hodi akakaribishwa, na kuna yule asiyejulikana atokako wala aendako. Kiingereza kimempa kila mmoja wao jina lake. Kiswahili kimewaweka wote katika nyumba moja na kuiachia hali iamue. Methali nazo zimegawanyika vivyo hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini pia mgeni ni kuku mweupe; tena mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya kwanza humfanya mgeni baraka, ya pili humfanya kitu cha kutazamwa, na ya tatu humwekea muda.

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili haujaupa mgawanyiko huu uzito unaostahili. Tangu Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), wahakiki wamezoea kumsoma mgeni wa mjini kama mtu wa shamba aliyeingia mahali pasipo na macho, akapotoka kwa kuwa hapana amjuaye. Yamkini usomaji huo unaifaa miji mikubwa. Hauufai mji mdogo, ambako shida ya mgeni ni kinyume chake: huonekana kabla hajaona, na habari zake hufika mtaa wa pili kabla ya miguu yake. Riwaya mbili za waandishi waliozaliwa Unguja zinaonyesha jambo hili kwa njia zinazopingana, nazo ni Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999) na By the Sea ya Abdulrazak Gurnah (2001).

Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka kumi na mitano, ameozwa Bwana Raza, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili. Anapomkimbia mumewe huko Mombasa na kurudi Unguja, jamaa zake wanamkataa, naye anakwenda kwa shoga yake Mwajuma, Ng'ambo. Yafaa msomaji apime umbali wa safari hiyo ya mwisho. Kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na mkono wa bahari, ambao ulifukiwa baadaye. Jina la Darajani ndilo lililobaki kukumbusha daraja lililouvuka. Ni mwendo wa miguu tu, usiotosha kumtoa mtu jasho. Hata hivyo, kwa kuvuka hapo Yasmin anakuwa mgeni katika mji aliokuwa mwenyeji wake. Lugha anayo, njia anazijua, na sauti ya mwadhini aliyoizoea ni ile ile. Lililobadilika ni macho yanayomtazama. Huku ni binti wa Kihindi aliyeko mahali ambapo mabinti wa Kihindi hawakai. Kule alikotoka ni aibu inayotajwa kwa kunong'ona. Kuku mweupe pande zote mbili.

Wahakiki husifu makaribisho ya Mwajuma kama ishara ya umoja wa rangi mbalimbali dhidi ya ukoloni. Sifa hiyo si ya uongo, lakini ni nyepesi. Ng'ambo yenyewe ilikuwa mtaa wa wageni: wazao wa watumwa, watu wa bara, Wangazija, Washihiri, kila mmoja na wazee waliowahi kufika mikono mitupu. Mtaa wa namna hiyo humpokea mtu kwa sababu bado unakumbuka kupokewa. Shafi haisimamii sana historia hii, na hapo ndipo riwaya inapolegea kidogo. Ukarimu wa Mwajuma unakuwa tabia yake mwenyewe badala ya kuwa elimu ya mahali.

Lakini jambo la jembe Shafi amelishika barabara. Siku ya tatu ya Yasmin inafika anapompenda Denge, kijana anayewindwa na polisi wa kikoloni kwa siasa zake. Hapo mgeni anapewa kazi, nayo ni kazi ngumu kupita zote katika mji mdogo: kutunza siri. Mahali ambapo kila mtu anajua kila kitu, mwenyeji hasa ni yule anayejua lipi lisisemwe na lisisemwe mbele ya nani. Uenyeji wa Yasmin hautokani na mavazi wala na mapishi ya Ng'ambo. Unatokana na kuaminiwa. Wanaotafuta kukubaliwa kwake katika mandhari ya furaha na ngoma wanatafuta mahali pasipo.

Kwa Saleh Omar mambo yamegeuzwa. Ng'ambo yake ni ile nyingine, kwani Kiswahili kimetumia neno hilo hilo moja kwa upande wa pili wa mkono wa bahari na kwa nchi zilizo mbali kabisa na pwani hii. Mzee huyu wa miaka sitini na mitano anatua Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban, na kikasha cha udi ambacho ofisa wa uhamiaji anakichukua. Ofisa mwenyewe ni mtoto wa watu waliohamia kutoka Romania, lakini anawahesabu wazazi wake kuwa wa ukoo wa Ulaya, si wageni wa namna ya huyu aliye mbele yake. Saleh Omar anajua Kiingereza, ila ameshauriwa akifiche. Yasmin alikuwa na lugha ya wenyeji na ikamsaidia. Huyu anayo na anaikalia kimya, kana kwamba mgeni asiyesema ndiye anayeaminika zaidi.

Hatimaye anapewa makao katika mji mdogo wa Uingereza kando ya bahari. Anapata chumba na posho, jembe hapewi. Mtu aliyekuwa mfanyabiashara wa samani Unguja sasa huingia katika maduka ya samani kutazama tu. Ndiyo picha kali kuliko zote katika riwaya nzima, na Gurnah anaipitia bila kuinua sauti. Mgeni huyu amezuiliwa katika siku ya pili. Hafukuzwi, wala haagizwi kulima.

Kisha anatafutwa mkalimani, naye ni Latif Mahmud, mwana wa Rajab Shaaban yule ambaye jina lake limeazimwa, na ambaye nyumba yake iliwahi kuangukia mikononi mwa Saleh Omar. Msomaji anaweza kuona sadfa hii imezidi kiasi. Lawama hiyo ina nguvu ikiwa riwaya itasomwa kama habari ya Uingereza. Ikisomwa kama habari ya Unguja, nguvu inapungua: watu wa mji mdogo husafiri pamoja na mji wao, na anayeazima jina hapo hana budi kulazimika kulirudisha kwa wenyewe. Mandhari mazito ya riwaya ni yale ya wanaume hawa wawili chumbani, ambapo mzee ambaye ndiyo kwanza amefika anamkaribisha mtu aliyeishi Uingereza kwa miaka mingi, na haijulikani tena nani mgeni wa nani. Wenyeji wa Kiingereza, wakilinganishwa na hao wawili, wamechorwa kwa mistari michache mno.

Hapo ndipo lugha inapoleta hoja yake. Gurnah, akiandika Kiingereza, hulazimika kila mara kuchagua kati ya yale maneno mawili, na uchaguzi huo humwambia msomaji mapema kama mtu amepokewa au la. Paradise yake ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi mwaka 2022, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mfasiri yeyote wa By the Sea atakumbana na tatizo la kinyume. Akiandika mgeni kila mahali, ataufuta mpaka ambao ofisa wa Gatwick aliulinda. Akiandika mkimbizi, atakuwa amemkabidhi ofisa huyo kalamu. Na atakapofika kwenye chumba kile, Latif anapobisha mlango na mzee kuufungua, itambidi aamue ni yupi kati yao wa kusema hodi na ni yupi wa kuitikia karibu.