Rangi Inayosubiri Mwanga

Katika tiba ya saratani kwa mwanga, sifa nyingi humwendea daktari na leza yake. Nionavyo mimi, anayestahili sifa kubwa zaidi ni mkemia aliyeunda rangi anayodungwa mgonjwa. Rangi hiyo hutulia mwilini hadi imulikwe. Hapo huipokea nishati ya mwanga na kuikabidhi oksijeni, nayo oksijeni hugeuka kali na kuharibu kilicho karibu nayo. Kuunda kitu kipole gizani na kikali mwangani, kifike mahali pake na kuondoka kwa wakati, ni kazi ya kupatanisha matakwa yanayogombana, na humo ndimo ulimo uzuri wa ufundi huu.

Tuanze na rangi iitwayo Photofrin, iliyoidhinishwa Kanada mwaka 1993. Humulikwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 630, ambao damu bado huunyonya, hivyo hupenya milimita chache tu. Na mgonjwa hulazimika kulikwepa jua kwa siku 30 au zaidi. Jawabu laonekana rahisi: isogeze rangi kuelekea infraredi, ambako damu huuachia mwanga upite. Lakini kadiri wimbi linavyorefuka ndivyo nishati yake inavyopungua, na ukivuka sana nanomita 800 rangi nyingi hazibaki na nguvu ya kuiamsha oksijeni. Tena molekuli pana za namna hiyo huharibika upesi, na majini hupangana moja juu ya nyingine hadi makali yakaisha.

Ili kuvishinda vikwazo hivyo, wanasayansi wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walianza na bakterioklorofili, rangi ambayo bakteria fulani huitumia kunasa mwanga wa jua. Katikati yake mna magnesiamu, inayochomoka kirahisi. Wakaweka paladiamu mahali pake, metali nzito inayoshika imara na kuizuia rangi isiipoteze nishati kwa kung'aa bure. Kisha wakaipa molekuli mkia unaopenda maji. Padeliporfini, tunda la kazi hiyo, humulikwa kwa nanomita 753. Haiingii ndani ya seli, bali hubaki kwenye damu, huziba mishipa inayoulisha uvimbe, na hutoka mwilini kwa saa chache. Katika jaribio la wanaume 413 wenye saratani ya tezi dume isiyo ya hatari kubwa, baada ya miaka miwili asilimia 49 ya waliotibiwa hawakukutwa na saratani kwenye vinyama vilivyopimwa, dhidi ya asilimia 14 ya waliofuatiliwa tu. Ulaya iliiidhinisha padeliporfini mwaka 2017.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba mwanga hauwezi kuifuata saratani iliyosambaa. Ni kweli, wala hakuna rangi itakayolibadili hilo. Tiba hii ni ya uvimbe unaofikiwa, hata kama ni kwa nyuzi za mwanga zinazopitishwa ndani ya sindano. Pingamizi zito zaidi lilitoka Marekani mwaka 2020, washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, walipopiga kura dhidi ya padeliporfini, kwa kuwa wengi wa wanaume wenye saratani ya namna hiyo wangeweza kufuatiliwa bila tiba. Hoja hiyo naiheshimu. Inahusu nani atibiwe, nayo haifuti ukweli kwamba rangi ilitenda ilichoundiwa.

Kwa saratani za ngozi, liko jambo linalotugusa sisi Waafrika moja kwa moja: melanini, rangi asilia ya ngozi, huunyonya zaidi mwanga wa mawimbi mafupi kuliko ule wa infraredi, kwa hiyo rangi zinazoamshwa na mwanga wa karibu na infraredi huenda zikawafaa hasa wenye ngozi nyeusi. Basi majaribio yake yafanywe pia kwetu, na vyuo vyetu vifundishe wakemia wa kuziunda.