Bepari au Mgeni? Rangi na Uenyeji katika Mabepari wa Venisi

Tafsiri ya Julius Nyerere, Mabepari wa Venisi (1969), imezoeleka kusomwa kama zao la siasa ya Ujamaa, na anwani yake ndiyo hutolewa kuwa ushahidi. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Nyerere alitaja mabepari, kwa wingi, akawatia Antonio Mkristo na Shylock Myahudi katika kapu moja. Shutuma ikaelekezwa kwa tabaka, si kwa asili ya mtu wala dini yake.

Uamuzi huo una historia. Azimio la Arusha lilipitishwa mwaka 1967, na Februari mwaka huohuo Nyerere aliandika gazetini kueleza kuwa ujamaa si ubaguzi wa rangi. Onyo hilo lilihitajika, kwa kuwa sehemu kubwa ya biashara za mijini ilikuwa mikononi mwa watu wenye asili ya Kihindi, na chuki dhidi ya bepari ingeweza kugeuka kuwa chuki dhidi ya Mhindi.

Hata hivyo, matini haiitii anwani. Katika onyesho la mahakama, hoja ya Portia kuhusu damu inamnyima Shylock ratili yake ya nyama. Kinachomwangamiza ni sheria nyingine, inayomhusu mgeni anayekusudia kumwua raia. Mkazi aliyefanya biashara Venisi miaka yote anageuzwa mgeni siku ya hukumu, kisha analazimishwa kuwa Mkristo. Antonio, kwa upande wake, anapokea habari kwamba merikebu zake tatu zimefika salama. Ikiwa kosa linaloadhibiwa ni ubepari, mbona bepari mmoja avuliwe dini yake na mwenziwe arejeshewe mali?

Mwanamfalme wa Moroko anaitia anwani mashakani zaidi. Anaomba asichukiwe kwa rangi yake. Anaposhindwa kuchagua kasha, Portia anatamani kila mwenye rangi hiyo achague vivyo hivyo. Hapa hapana riba wala mtaji. Pana rangi tu.

Msomaji anaweza kuongozwa na anwani. Hadhira huongozwa na mwili na sauti ya mwigizaji. Katika jukwaa la chuo ambapo waigizaji wote ni Waafrika, tusi analotupiwa Mmoroko hupoteza makali, maana Portia naye ni mweusi. Lakini mwelekezi akimpa Shylock lafudhi ya Mhindi mwenye duka, tusi hupata makao mapya. Kicheko kitakachofuata hakiwezi kutengwa na sheria za Kenya za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967, zilizowabana wakazi wasio raia, wala na amri ya Idi Amin ya mwaka 1972 iliyowafukuza Waasia Uganda. Lafudhi hiyo hurudia hukumu ya Venisi: aliyeishi hapa si wa hapa.

Kwa hiyo, haitoshi tafsiri hii kufundishwa kama itikadi ya mtafsiri pekee. Nyerere alijaribu kuuondoa ubaguzi kwa neno moja la anwani. Wahusika wakauhifadhi katika mazungumzo yao. Mwelekezi ndiye anayeamua ni kipi hadhira itakachoondoka nacho, na uamuzi huo unastahili kuhakikiwa kwa uzito uleule wa uamuzi wa mtafsiri.