Bundi na Kweleakwelea: Maana ya Ndege katika Simulizi za Tana

Ni rahisi kudhani kwamba ndege wa mikosi katika fasihi simulizi ni yule amdhuruye binadamu. Mazingira ya Tarasaa, katika delta ya Mto Tana, yanaitilia shaka rai hiyo. Kweleakwelea humaliza mpunga, lakini huhesabiwa mharibifu tu. Mkulima humwamia mchana akiwa dunguni, kwa kelele na kombeo. Bundi, ambaye hula panya waharibifu wa nafaka iyo hiyo, ndiye asemwaye, kama kwingineko pwani, kuwa hubashiri kifo. Tofauti basi haimo katika madhara, bali katika uwezo wa kukabili: aonekanaye hufukuzwa, asikikaye gizani hufasiriwa. Kwa hiyo haitoshi kuihakiki ishara ya bundi pasipo kulizingatia shamba lililoizaa.